Mto wa hedifoni ukichakaa, sikio ndilo hulipa

"DAKTARI, nahisi masikio yangu yanakufa."

Kwa maneno hayo alianza binti mmoja wa miaka 27 aliyekuja kuniona hapa Nairobi. Kazi yake ni kupokea simu za wateja. Hukaa kitini saa 8 kwa siku, siku 6 kwa juma, hedifoni ikiwa imebana kichwa. Alinieleza kuwa kwa muda wa miezi mitatu hivi sauti za wateja zilikuwa zimegeuka nyembamba, kana kwamba wanasema kutoka ndani ya mkebe. Kila mwezi alikuwa akiongeza sauti kidogo. Isitoshe, ikifika saa nne asubuhi kichwa humwuma kuanzia juu ya masikio, na ngozi nyuma ya sikio la kushoto ilikuwa imeanza kumwasha.

Nilimchungulia masikio. Kiwambo cha kila sikio kilikuwa kizima, na hapakuwa na usaha wala nta ya kuziba tundu. Kisha nikamwomba jambo ambalo hakulitarajia: "Dada, hebu nionyeshe hicho kifaa unachovaa kazini." Kwa bahati alikuwa nacho mkobani.

Ile mito miwili ya kuzunguka masikio, ambayo wengine huiita pedi au sponji, ilikuwa imelala bapa kama chapati. Ngozi bandia ilikuwa ikibanduka vipande vipande vyeusi. Upande wa kushoto palikuwa na mpasuko wenye urefu wa kidole gumba. Na huyu binti huvaa miwani, kwa hiyo mkono wa miwani ulikuwa ukipita chini ya mto huo mkavu na kuacha mwanya mwingine.

Msomaji, leo nataka tuzungumze juu ya mto huo. Watu wengi hudhani kazi yake ni starehe tu, kama foronya. Hasha. Mto ni sehemu ya chombo chenyewe cha sauti. Ukichakaa, au ukibadilishwa na mwingine usiofanana nao, sauti hubadilika. Sauti ikibadilika, mkono wako huenda kwenye kitufe cha kuongeza. Hapo ndipo afya ya sikio huingia hatarini.

Mto unafanya kazi gani?

Tuanze na kifaa chenyewe. Ndani ya kila kikombe cha hedifoni mna spika ndogo yenye utando mwembamba unaotetemeka. Utando huo husukuma na kuvuta hewa. Hewa hiyo hutikisa kiwambo cha sikio lako, kiwambo hutikisa vifupa vitatu vidogo vilivyo nyuma yake, na mtikisiko hufika katika kiungo kilichojikunja kama konokono ndani ya mfupa wa kichwa. Humo mna seli zenye vijinywele, takribani 15,000 katika kila sikio, ambazo hugeuza mtikisiko kuwa ujumbe wa kwenda kwenye ubongo.

Sasa fikiria pampu ya baiskeli. Ukiifunga vizuri kwenye valvu, kila msukumo huingiza hewa. Ukiacha mwanya, utapiga pampu mpaka jasho likutoke na gurudumu lisijae. Hedifoni ya kufunika sikio hufanya vivyo hivyo, hasa kwa sauti nzito, ile tunayoiita besi. Utando ule ni mdogo, na hauwezi kutoa besi ya kutosha mpaka ufungiwe hewa kidogo kati yake na kiwambo cha sikio. Anayeifungia hewa hiyo ni mto. Mwanya ukitokea, besi ndiyo ya kwanza kutoroka. Sauti nyembamba hubaki, na ndiyo sababu yule binti aliona wateja wake wanasema ndani ya mkebe.

Jambo la pili ni masafa. Mto mnene huiweka spika mbali kidogo na tundu la sikio. Mto uliolala huisogeza karibu. Tundu la sikio la mtu mzima lina urefu wa sentimita 2.5 hivi, na kwa umbo lake huipa nguvu ya ziada sauti ya hezi 3,000 hivi, yaani mitetemo 3,000 kwa sekunde. Spika ikisogea au ikiinama kidogo mbele ya tundu hilo, sauti za juu nazo hubadilika: nyingine huwa kali za kukera, nyingine hufifia. Kwa hiyo mtu anayesema "hedifoni yangu ilikuwa tamu, siku hizi inapiga kelele tu" aghalabu hasemi uongo. Spika yake inaweza kuwa ile ile, na kilichobadilika ni mto.

Jambo la tatu ni kelele za nje. Mto mzuri wa hedifoni iliyofungwa huzuia sehemu ya kelele za barabarani. Mto uliopasuka huziruhusu ziingie. Ukiwa ndani ya matatu yenye muziki wa juu, au katika ofisi ya watu 50 wanaosema kwa pamoja, utaongeza sauti ili ushinde kelele hiyo. Kwa hiyo mwanya mmoja hukudhuru mara mbili: hukunyima besi, kisha hukuletea kelele. Dawa ambayo kila mtu huifikiria kwa yote mawili ni moja tu, kuongeza sauti.

Ushahidi kutoka chumba cha kupimia usikivu

Huenda mtu akasema daktari anatia chumvi. Basi nikupeleke mahali ambapo sisi matabibu tunautegemea mto wa hedifoni kuliko mahali pengine popote: chumba cha kupimia usikivu.

Hedifoni iliyotumika sana duniani kwa kazi hiyo ni TDH-39, iliyotengenezwa na kampuni ya Telephonics ya Marekani. Mto wake wa mpira una jina lake maalumu, MX-41/AR. Ukifungua viwango vya kimataifa vya ISO 389-1, vilivyotolewa mwaka 1998, utakuta hedifoni hiyo na mto huo vimetajwa pamoja. Tarakimu zinazosema sauti iwe na nguvu kiasi gani ili mtu mwenye masikio mazima aisikie kwa shida zimewekwa kwa ajili ya jozi hiyo. Fundi hana ruhusa ya kuchomoa mto, kupachika mwingine aliouona dukani, na kuendelea kupima kana kwamba hakuna lililotokea. Akibadilisha aina ya mto, ni lazima mashine irekebishwe upya.

Toleo la kifaa nalo lina uzito wake. Baada ya TDH-39 zilikuja TDH-49 na TDH-50. Kwa macho zinafanana kama ndugu. Lakini katika viwango vya Marekani, kwa sauti ya hezi 500, tarakimu ya TDH-39 ni desibeli 11.5 ilhali ya TDH-49 na TDH-50 ni 13.5. Ukichukua tarakimu za moja ukazitia katika nyingine, utakuwa umempimia mgonjwa kwa kibaba kisicho chake. Wataalamu wanajua pia kwamba TDH-39 yaweza kuonyesha shimo la uongo katika chati kwenye hezi 6,000, shimo ambalo mtu asiye mwangalifu anaweza kulisoma kama dalili ya masikio yaliyoharibiwa na kelele.

Miaka kadhaa iliyopita nililetewa mwalimu mmoja aliyekuwa amepimwa katika kituo fulani na kuambiwa ameanza kupoteza usikivu wa sauti nzito. Alikuwa amekata tamaa. Alidhani itambidi aache kufundisha. Alipopimwa tena kwingine, kwa kifaa chenye mito laini na baada ya kuvua miwani, chati yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Mara ya kwanza alipimwa akiwa na miwani usoni, na mito ya kifaa ilikuwa migumu kama kandambili za zamani. Besi ilivuja, yeye hakuisikia, na mashine ikaandika kwamba masikio ndiyo yaliyoshindwa.

Kuna na kosa la upande wa pili. Hedifoni inayobana juu ya sikio yaweza kukunja tundu la sikio na kulifunga, hasa kwa wazee ambao gegedu lao limelegea. Hapo mtu huonekana kiziwi wa sauti za juu, kumbe tundu limezibwa na kile kile kifaa cha kumpimia. Ndiyo maana wapimaji wengine hutumia vipokea sauti vidogo vinavyoingizwa ndani ya tundu.

Ikiwa mto waweza kumdanganya mtaalamu aliye katika chumba kisicho na kelele, atakuwaje mtu anayejipimia sauti kwa kidole chake ndani ya matatu?

Jina moja, sauti mbalimbali

Sasa turudi kwenye vifaa vya kununua madukani. Kampuni hutoa kifaa, baada ya miaka hukirekebisha, na mara nyingine huacha jina lile lile au hulibadilisha kwa herufi moja tu. Kampuni ya Sennheiser ya Ujerumani, kwa mfano, ilitoa HD 600 mwaka 1997, HD 650 mwaka 2003, HD 660S mwaka 2017 na HD 660S2 mwaka 2023. Mtu akiziona mbali atadhani ni moja, lakini kila moja ina sauti yake.

Mfano ulio wazi zaidi ni DT 770 Pro ya kampuni ya Beyerdynamic, pia ya Ujerumani, ambayo watu wa studio wanaifahamu sana. Jina hilo limebeba kifaa cha ohmu 32, cha ohmu 80 na cha ohmu 250. Ohmu ni kipimo cha jinsi kifaa kinavyouzuia umeme. Cha ohmu 32 huja na mito ya ngozi bandia. Vile vingine viwili huja na mito ya mahameli. Kwa hiyo watu wawili wanaweza kubishana mpaka usiku kuhusu "ile DT 770", na kila mmoja akawa anasema kweli juu ya kifaa chake.

Hili linamhusuje daktari? Linamhusu kwa sababu watu hukariri namba ya sauti kwenye simu badala ya kusikiliza. Mtu amezoea kuweka sauti kwenye robo tatu akitumia kifaa cha ohmu 250. Kinaharibika, ananunua cha ohmu 32 chenye jina lile lile, anaacha sauti kwenye robo tatu kama kawaida. Kwa hesabu, kwenye simu ile ile na kiwango kile kile, kile kipya humpelekea sauti iliyozidi kwa desibeli 9 hivi. Huenda ukaona 9 ni kidogo. Lakini katika elimu ya sauti, kila desibeli 3 zinazoongezeka ni nguvu maradufu, na muda salama wa kusikiliza hupungua kwa nusu. Desibeli 9 ni kupunguza nusu mara tatu: aliyekuwa na saa 8 salama amebaki na saa moja.

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma. Kwa watoto kipimo ni desibeli 75 kwa saa hizo hizo 40. Sauti ikifika desibeli 90, muda salama wa mtu mzima kwa juma zima ni saa 4 tu. Ikifika 100, ni dakika 20 hivi. Hapa kwetu, kanuni za mwaka 2005 za kuzuia kelele kazini zilikataza mfanyakazi kuwekwa kwenye kelele inayozidi wastani wa desibeli 90 kwa saa 8 za siku. Wengi wetu tukisikia "kelele kazini" hufikiria kinu cha mbao au fundi wa mabati. Lakini sikio halijali kama sauti imetoka kwenye nyundo au kwa mteja anayelalamikia bili yake.

Ngozi bandia au mahameli?

Wasomaji wengi wangependa kujua ni mto upi ulio bora. Kila mmoja una faida na hasara.

Ngozi bandia hufunga hewa vizuri. Besi hukaa, kelele za nje hupungua. Lakini sikio hufungiwa jasho. Katika joto la Mombasa au Kisumu, baada ya saa moja utahisi kama umevaa sufuria. Ngozi hii kwa kawaida ni plastiki iliyopakwa juu ya kitambaa, na adui zake ni jasho, mafuta ya nywele, joto na unyevu wa hewa. Ndiyo maana hubanduka hata kama kifaa kimekaa kabatini bila kutumiwa.

Mahameli hupitisha hewa, hayaungui ngozi, na hustahimili miaka. Lakini kwa kuwa yanapitisha hewa, huvujisha besi kidogo na kuingiza kelele. Hufaa nyumbani pasipo makelele. Kwenye matatu hayafai, kwa sababu utaongeza sauti.

Sponji tupu, kama ile ya rangi ya machungwa iliyokuja na Walkman ya Sony mwaka 1979, haizuii kelele hata chembe. Ni nyepesi na ya starehe, na katika chumba kimya haina neno. Barabarani, humfanya mwenye nayo ashindane na injini.

Mtu akinunua mito ya badala, inafaa atafute iliyotengenezwa kwa ajili ya kifaa na toleo lake. Luthuli Avenue utauziwa mito ya kila namna, na muuzaji atakuambia "hii inaingia zote". Huenda ikaingia kweli. Lakini ikiwa ni minene zaidi, au tundu lake ni dogo, au ni ngozi mahali palipokuwa na mahameli, utakuwa umenunua hedifoni nyingine kwa upande wa sauti. Hilo si kosa, mradi ujue, na uanze tena kutoka sauti ya chini.

Kichwa, ngozi na tundu la sikio

Starehe nayo ni sehemu ya afya. Madaktari wa maumivu ya kichwa wanautambua ugonjwa wa kichwa unaoletwa na kubanwa kwa nje, kwa kofia ngumu, miwani ya kuogelea au hedifoni. Maumivu huanza ndani ya saa moja tangu kubanwa, nayo huisha ndani ya saa moja baada ya kuvua. Hicho ndicho kipimo rahisi: ukivua na kichwa kikatulia, usimeze vidonge vya maumivu kila siku. Legeza upinde wa kichwani, au tafuta mito iliyo laini zaidi. Vidonge vya kila siku vyenyewe huweza kuleta maumivu ya kichwa.

Mto uliolala huleta shida nyingine: sikio hugusa kifuniko kigumu cha spika. Ngozi ya sikio ni nyembamba na chini yake kuna gegedu lisilo na nyama. Likisuguliwa mahali pamoja siku baada ya siku huota kijivimbe chenye uchungu mwingi, na wengine hushindwa kulalia upande huo.

Kisha kuna ngozi na tundu. Joto, jasho na giza ni shamba zuri la bakteria na kuvu. Ukioga au kuogelea, kisha ukafunika sikio bichi kwa mto wa ngozi bandia saa nzima, unaalika uvimbe wa tundu la nje la sikio. Dalili zake ni kuwasha, kuuma unapovuta sikio, na maji au usaha. Kikwi cha watu huanza hapo kujichokoa kwa njiti na pamba, na kuzidisha jeraha. Usitie kitu sikioni. Kausha kwa taulo sehemu ya nje, acha hewa ipite, na kama panauma nenda ukatibiwe.

Na tafadhali tusiazimane mito kama tunavyoazimana kalamu. Katika ofisi za zamu, ambapo mmoja huvua na mwenzake akavaa papo hapo, kila mfanyakazi apewe mito yake au vifuniko vyake vya kitambaa. Gharama yake ni ndogo kuliko siku za ugonjwa.

Jipime mwenyewe nyumbani

Huhitaji mashine. Fanya hivi:

1. Weka wimbo wenye besi unaoufahamu vizuri, kwa sauti ya chini. Bonyeza vikombe vyote viwili taratibu kwa viganja. Besi ikiongezeka sana, ujue pana mwanya.

2. Vua miwani, kisha uvae tena. Ikiwa besi inakuja na kuondoka, mkono wa miwani ndio unaofungua mlango. Miwani yenye mikono myembamba na mito laini husaidia.

3. Chunguza nywele na vazi la kichwani. Misuko minene, rasta, kilemba au hijabu yenye mkunjo chini ya mto huacha mwanya vile vile. Panga misuko ipite nyuma ya mto. Tandaza kitambaa kiwe tabaka moja laini.

4. Bonyeza mto kwa kidole na uachilie. Ukikawia kuinuka au usipoinuka kabisa, umechoka. Ukiacha vipande vyeusi shingoni, umekwisha.

5. Sikiliza kwa sauti ambayo mtu aliye hatua moja kutoka kwako akisema kwa sauti ya kawaida utajua anasema. Ikibidi apige kelele, punguza.

Kuitunza mito si kazi. Ipanguse kwa kitambaa chenye unyevu kidogo kila juma, uikaushe kivulini. Usitumie spiriti wala dawa ya kung'arisha nguo kwenye ngozi bandia, huipasua. Mito ya mahameli inayotoka yaweza kufuliwa kwa maji vuguvugu na sabuni kidogo. Usiache hedifoni ndani ya gari lililo juani. Na kwa ndugu zetu wanaofanya kazi penye mashine, vifuniko vya kukinga kelele vina mito ile ile. Mto ukiwa mgumu, kelele hupenya huku wewe ukijiona salama. Watengenezaji hushauri mito hiyo ibadilishwe angalau mara mbili kwa mwaka.

Lini umwone daktari

Njoo siku hiyo hiyo ikiwa usikivu umepotea ghafla, hasa sikio moja, hata kama hapaumi. Hilo ni jambo la dharura, na kila siku ipitayo hupunguza nafasi ya kupona. Njoo pia ukiwa na mlio sikioni usiokoma, usaha, kizunguzungu, au ukiona huwafahamu watu wanapozungumza wengi pamoja. Ukienda kupimwa usikivu, vua miwani, herini na vibanio vya nywele, na usione haya kuuliza mto wa kifaa una hali gani. Mpimaji mzuri hatakasirika.

Niseme pia kwamba si kila sauti iliyofifia ni kosa la mto. Nta iliyoziba, uvimbe wa sikio la kati, baadhi ya dawa na umri vyote huweza kufifisha. Ndiyo sababu nilimchungulia binti yule kwanza kabla ya kukagua kifaa chake.

Nilimtuma apimwe. Sikio la kulia lilikuwa zima. La kushoto, lile lenye mto uliopasuka, lilikuwa limeshuka kidogo kwenye hezi 4,000, mahali ambapo kelele huanza kula. Sina hakika ni sehemu gani ililetwa na miezi ile mitatu na ni ipi ilitangulia. Mwajiri wake alikubali kubadilisha mito, na juma la pili alinipigia simu kusema wateja wametoka kwenye mkebe, kichwa kimetulia, na amerudisha sauti chini kuliko alivyokuwa mwanzo. Nilifurahi. Lakini ile hezi 4,000 haitarudi, kwa kuwa seli zile za vijinywele zikifa kwa binadamu haziotei tena.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika jambo hili ukuta wenyewe haujengeki. Leo jioni, kabla hujavaa hedifoni yako, ishike mkononi na uitazame mito yake.